Fedha ya Sikukuu na Duka la Jirani

KILA mwaka ifikapo katikati ya Desemba, Kituo cha Mabasi cha Magufuli, kule Mbezi Luis jijini Dar es Salaam, hufurika watu wanaokwenda makwao kula sikukuu. Wengi wao huelekea Same, Moshi, Rombo na Arusha. Wengine hupanda treni ya abiria ya Moshi, ambayo ilirejea Desemba 2019 baada ya reli hiyo kukaa zaidi ya miaka 20 bila ya kusafirisha abiria. Matumbo ya mabasi hujazwa magunia ya mchele, madumu ya mafuta ya kupikia, mifuko ya sukari, katoni za sabuni na biskuti, na masanduku ya nguo za watoto. Mizigo hiyo husafirishwa zaidi ya kilomita 500, ikapanda mlimani kwa magari madogo, na mwishowe ikateremshwa mbele ya nyumba ya wazee, katikati ya migomba na mibuni.

Hakuna mwenye busara atakayelaumu desturi hiyo. Mtu anayekumbuka alikozaliwa, akaacha kazi zake za mjini ili akae na wazazi na kuzuru makaburi ya waliotangulia, anatimiza wajibu wake wa utu. Lakini iko hesabu moja ambayo wasafiri wengi husahau kuipiga. Kabla ya mizigo hiyo kufika nyumbani kwa wazee, imepita mbele ya duka la kijiji. Katika duka hilo mna sukari ile ile, sabuni ile ile na mafuta yale yale. Mwenye duka ameketi nyuma ya meza yake, akiyatazama magari yakipita.

Mtu huyo ndiye aliyewatunza wazee mwaka mzima. Mwezi Aprili, mvua ilipoharibu njia na fedha kutoka mjini ikachelewa, ndiye aliyempa mama mzee nusu kilo ya sukari na kipande cha sabuni, akaandika katika daftari. Mwezi Agosti, mjukuu alipougua usiku, mlango wake ndio uliogongwa kutafuta dawa ya homa na vocha ya simu. Fedha inayotumwa na watoto walio mjini hupokelewa kwake, kwa kuwa yeye pia ni wakala wa fedha za simu. Na mzee asiyeweza kusoma ujumbe husomewa na yeye. Je, ni haki kwamba mtu anayeaminiwa kwa shida za miezi 11 asionekane katika mwezi wa 12, ambao ndio mwezi wenye fedha?

Jambo hili si la vijijini peke yake. Mijini nako hali ni hiyo hiyo, ingawa haionekani kwa wepesi. Katika mitaa ya Dar es Salaam mwenye duka huitwa “Mangi”, hata kama hajawahi kuuona Mlima Kilimanjaro, kwa jinsi Wachaga walivyojijengea jina katika biashara hiyo. Mangi hupima mafuta kwa kikombe na unga kwa robo kilo. Hukata mche wa sabuni vipande, na huuza yai moja kwa mtu mwenye fedha ya yai moja. Mfanyakazi ambaye mshahara wake umekwisha tarehe 20 hula kwa daftari la Mangi mpaka tarehe 30. Lakini mfanyakazi huyo huyo apatapo posho ya mwisho wa mwaka, hupita dukani kwa Mangi kama asiyemfahamu, akapanda daladala kwenda kusukuma kitoroli katika duka kubwa lenye taa nyingi na hewa baridi. Wako na wanaokaa nyumbani na kuagiza kwa simu bidhaa za ng'ambo, ambazo hazimpatii hata senti moja mtu wa mtaa wanaoishi.

Daftari la madeni la duka dogo linastahili kutazamwa kwa heshima kubwa kuliko inavyofanywa. Ni benki ya mtu asiye na benki. Hakuna taasisi ya fedha inayokopesha kilo moja ya unga, bila ya dhamana, bila ya fomu na bila ya riba, kwa sababu tu inamfahamu mkopaji na watoto wake. Mwenye duka hukopesha kwa kutumia mtaji wake mwenyewe, ambao mara nyingi nao ameukopa. Anapolipwa deni la kale bila ya kununuliwa kitu kipya, hurudishiwa fedha aliyokwisha kuitoa, na tena ikiwa imekwisha kupungua thamani. Anachohitaji ili aweze kukopesha mwaka ujao ni mauzo ya taslimu, na mauzo hayo huja kwa wingi wakati wa sikukuu. Mwenye kumnyima mauzo hayo amelipunguza daftari ambalo yeye mwenyewe, au mama yake, atalihitaji mwezi Machi.

Ichukuliwe mfano wa kata moja ambayo familia 100 zimepanga kutumia shilingi 300,000 kila moja kwa ajili ya Krismasi na Mwaka Mpya. Jumla ni shilingi milioni 30. Ikiwa fedha yote hiyo itatumika Dar es Salaam kabla ya safari, kata haitapata kitu ila makaratasi ya kufungia. Lakini kila familia ikitenga theluthi moja tu, yaani shilingi 100,000, ikainunulia vitu katika maduka ya kata, shilingi milioni 10 zitakuwa zimeingia humo kwa majuma mawili. Fedha hiyo haitalala. Mwenye duka atamlipa kijana wa kubeba mizigo, atanunua mayai kwa jirani afugaye kuku, atamlipa fundi aliyetengeneza rafu zake na atalipa ada ya shule mwezi Januari. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hicho ni cha kijiji kizima.

Wako watakaosema, na kwa haki, kwamba bei za duka dogo ni kubwa. Hoja hiyo haifai kupuuzwa, maana mwananchi wa kipato kidogo hana anasa ya kutoa sadaka dukani. Lakini yafaa chanzo cha bei hizo kieleweke. Mwenye duka la kijiji hununua mifuko mitano pale ambapo duka kubwa hununua magari matano. Hulipa nauli ya kwenda mjini na kurudi, hulipa gari la mzigo, na mara nyingi huuziwa na mtu wa tatu au wa nne baada ya kiwanda. Hivyo tofauti ya bei si lazima iwe tamaa yake. Aghalabu ni gharama ya umbali na uchache wa mzigo. Aidha, mnunuzi anapofanya ulinganifu hana budi kuhesabu na upande wake: nauli ya kwenda duka kubwa, malipo ya mzigo katika basi, mafuta yaliyomwagika njiani, na vitu alivyonunua kwa kuvutwa na macho ingawa hakuvihitaji. Wengi wakipiga hesabu hiyo kwa uaminifu watakuta kwamba tofauti ni ndogo, na pengine hakuna.

Historia ya nchi hii imekwisha kufundisha somo kuhusu duka dogo, na somo hilo halikupatikana kwa gharama nafuu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara kubwa ya jumla na ya nje iliwekwa mikononi mwa umma kupitia Shirika la Biashara la Taifa, na baadaye Kampuni za Biashara za Mikoa. Mwaka 1976 ikaendeshwa Operesheni Maduka, iliyokusudia kuyaondoa maduka ya rejareja ya watu binafsi na kuweka mahali pake maduka ya vijiji na ya ushirika. Nia ilikuwa njema: kumkinga mwananchi na unyonyaji. Lakini katika sehemu nyingi maduka ya zamani yalifungwa kabla ya mapya kuwa tayari. Watu wakatembea mwendo mrefu kutafuta chumvi na mafuta ya taa, na ikalazimu operesheni hiyo ipunguzwe kasi. Ndipo ilipodhihirika kwamba duka dogo ni kama kisima: watu huweza kulalamika juu ya ladha ya maji yake, lakini thamani yake huifahamu siku linapofukiwa.

Miaka iliyofuata ilizidisha somo hilo. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na kwa sababu ya kupanda kwa bei ya mafuta duniani na uhaba wa fedha za kigeni, sabuni, sukari na nguo ziliadimika. Sikukuu zilikuwa za kupanga foleni, na walanguzi waliokuwa wakificha bidhaa walitajirika kwa dhiki ya wenzao mpaka ikabidi Serikali, mwaka 1983, ianzishe msako dhidi ya wahujumu uchumi. Mwaka 1984 milango ya kuagiza bidhaa kutoka nje ilianza kulegezwa, na rafu zikajaa tena. Vijana wa leo, waliozaliwa katika wakati wa rafu zilizojaa, hudhani kwamba duka la jirani lilikuwapo tangu zamani na litakuwapo daima bila ya mtu yeyote kulitunza. Sivyo.

Wakati wa karibu zaidi umeleta mfano mwingine. Maduka makubwa ya kigeni yalipoingia katika miji ya Tanzania, wako waliotabiri kwamba siku za Mangi zimekwisha. Mwaka 2014 kampuni ya Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake ya hapa nchini kwa Nakumatt ya Kenya. Mwaka 2015 kampuni ya Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga maduka yake ya Tanzania. Nakumatt nayo haikudumu. Makampuni hayo yalikuwa na mitaji mikubwa, wataalamu na matangazo. Lakini hesabu zao zilipokataa, yalifunga milango na kuondoka. Duka dogo halina mahali pengine pa kwenda. Mwenye duka amezaliwa hapo au amehamia hapo, watoto wake wanasoma hapo, na biashara ikiwa mbaya hukaza mkanda pamoja na wateja wake. Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao.

Hii si chuki dhidi ya maduka makubwa, wala si wito wa kuwafungia milango wenye mitaji. Maduka makubwa yanayo kazi yake: huajiri watu, hulipa kodi, na yanapotaka huweza kuwa soko la maziwa, asali na mboga za wakulima wa nchi. Jambo linalopingwa ni ile fikra kwamba kitu hakina heshima ya sikukuu mpaka kiwe kimetoka mbali, katika mfuko wenye maandishi ya kigeni. Hata katika nchi tajiri watu wamekwisha kuiona hatari hiyo. Nchini Marekani, ambako maduka makubwa yalikwisha kuyameza madogo katika miji mingi, kampuni ya American Express ilianzisha mwaka 2010 siku maalumu ya kununua katika maduka madogo, ambayo ni Jumamosi inayofuata Sikukuu ya Shukrani. Ikiwa Wamarekani wanahangaika kukirudisha kitu walichokipoteza, basi Watanzania, ambao bado wanacho, hawana sababu ya kungoja mpaka kipotee ndipo wakitafutie siku ya kukikumbuka.

Yanayosemwa juu ya duka yahusu na fundi cherehani. Zamani, siku za mwisho za Ramadhani au juma la kabla ya Krismasi, baraza za mafundi katika Tanga, Unguja, Mwanza na Kariakoo zilikuwa hazilali. Mtoto alipimwa kiuno na mabega, akaahidiwa kwamba nguo itakuwa tayari, akapita kila jioni kuiangalia. Leo mtoto huyo huvishwa nguo iliyoshonwa ng'ambo, ambayo pengine itachanika kabla ya sikukuu nyingine, na fundi aliye mita 50 kutoka nyumbani hubaki akipunguza suruali za mitumba. Kitenge kimoja kikishonwa na fundi wa mtaa huwa kimemlipa muuza kitambaa, muuza nyuzi na vifungo, na fundi mwenyewe. Mzazi anayetafuta zawadi yenye maana hana haja ya kwenda mbali.

Serikali kwa upande wake imechukua hatua. Mwezi Julai 2025 ilitolewa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, ikiwamo ya rejareja, isipokuwa maduka ya supamaketi. Wafanyabiashara wengi, hasa wa Kariakoo, waliipokea kwa furaha. Lakini amri inaweza kumwondoa mshindani. Haiwezi kumleta mteja. Mteja huletwa na hiari yake mwenyewe, na hiari hiyo hujengwa na huduma njema. Kwa hiyo wakati wananchi wanaombwa kuwakumbuka wenye maduka, hapana budi wenye maduka nao waambiwe ukweli.

Ukweli wa kwanza ni juu ya bei. Wako wenye maduka ambao sikukuu inapokaribia hupandisha bei ya mchele, nazi, mafuta na sukari usiku kucha, ingawa mzigo walio nao waliununua kwa bei ya zamani. Huo si ufundi wa biashara; ni ulanguzi. Mwanzoni mwa mwaka 2024, sukari ilipoadimika kwa sababu ya mvua nyingi zilizovuruga uzalishaji viwandani, Serikali ilitangaza bei elekezi, lakini wako walioficha mifuko stoo wakingoja bei ipande zaidi. Mteja aliyenyonywa siku ya dhiki halazimiki kurudi siku ya furaha. Bei ibandikwe mahali inapoonekana, na ibaki ile ile kwa mtoto aliyetumwa, kwa mzee asiyeona vizuri na kwa mgeni aliyeshuka kutoka mjini na viatu vinavyong'aa.

Ukweli wa pili ni juu ya mizani na ubora. Kilo iwe kilo. Biskuti na maziwa yaliyopitwa na wakati yasichanganywe na mapya kwa kutegemea kwamba wakati wa shamrashamra hakuna anayesoma tarehe. Risiti itolewe kwa anayestahili kupewa, kwani kodi inayofichwa hapo ndiyo barabara isiyotengenezwa, nayo barabara hiyo ndiyo inayopandisha nauli ya mzigo wa duka hilo hilo. Ukweli wa tatu ni juu ya Mangi mwenyewe, ambaye ifikapo tarehe 20 Desemba hufunga duka lake la mjini na kupanda basi kwenda kwao, akiwaacha wateja wake wakitazama kufuli mpaka Januari. Kwenda nyumbani ni haki yake kama ilivyo ya wengine. Lakini ingefaa amwachie duka kijana mwaminifu. Mteja aliyekuta kufuli siku ya mkesha hujifunza njia ya kwenda kwingine, na pengine asirudi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji; sifa za duka la jirani zisiwe sababu ya uzembe.

Wenye maduka wanayo pia njia ya kujisaidia, nayo si ngeni katika nchi hii. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza kujiunga pamoja mwaka 1925, na mwaka 1933 wakaunda chama kikuu cha ushirika, KNCU, kwa sababu walitambua kwamba mkulima mmoja mwenye gunia moja hana sauti mbele ya mnunuzi. Mwenye duka mmoja mwenye mifuko mitano ya sukari hana sauti mbele ya muuzaji wa jumla. Lakini wenye maduka 20 wa tarafa moja, wakikusanya fedha zao mwezi Novemba, wakakodi gari moja na kununua kwa pamoja kutoka kiwandani au kwa mwagizaji mkubwa, watapunguza nauli, watawaruka watu wa kati, na wataweza kushusha bei bila ya kujipunja. Wajukuu wa waanzilishi wa ushirika wa kahawa hawashindwi kuanzisha ushirika wa rafu.

Vyombo vya umma navyo vinao wajibu. Mwezi Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao kwa siku kadhaa wakilalamikia namna kodi zinavyokusanywa, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza. Na mwezi Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Migomo hiyo iliwaumiza wenye maduka, wanunuzi na hazina ya Taifa kwa pamoja. Mkusanya kodi anayeingia dukani kwa vitisho wakati wa msimu wa mauzo hukusanya fedha ya siku moja na kupoteza ya mwaka mzima. Halmashauri zinaweza kuwasaidia wenye maduka kwa mambo ya kawaida kabisa: taa za mtaani zinazowaka jioni za sikukuu, taka zinazozolewa kwa wakati, na ulinzi unaomwezesha mama kwenda dukani usiku bila ya hofu.

Hata hivyo, mzigo mkubwa unabaki kwa mnunuzi, kwa maana fedha iko mikononi mwake, na hakuna askari atakayesimama kumwelekeza aitumie wapi. Haombwi kujinyima, wala kununua kitu kibovu kwa kuoneana haya. Anaombwa, kabla ya kupakia gunia katika basi la Moshi, ajiulize kama kitu hicho hakipatikani kule aendako. Anaombwa, afikapo kijijini, asingoje mama amtajie jambo ambalo mama huona haya kulitaja. Aende mwenyewe dukani, aombe daftari, alipe deni la mwaka, kisha anunue taslimu mahitaji ya sikukuu. Mwenye duka atafuta mstari wa mwisho, na chini yake hataandika kitu.

Sikukuu itakwisha, mabasi yatarudi Dar es Salaam matupu matumboni, na watoto watakuwa wamekula biskuti zote. Litakalobaki kijijini ni wazee wawili na duka moja. Ni wajibu wa kila mtoto aliyekwenda kuwaona wazee hao kuhakikisha kwamba mwezi Februari, mama akitoka na kikapu chake, atakuta mlango huo umefunguliwa.